Uliza Dada wa Steshenari: Barua Pepe Inayoomba Nywila Yako

Toleo lililopita nilijibu swali la ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nikawaomba kila atakayeupata auhamishe kwenda 15040, namba ya kuripotia ujumbe wa kitapeli, badala ya kuufuta. Tangu hapo barua zenu zimegeuka. Wengi sasa mnauliza habari za barua pepe zinazotaka muandike nywila. Nimechagua tano. Nimekaa nyuma ya kaunta ya steshenari hapa Nyegezi miaka 11, nafungulia watu akaunti, natuma maombi yao, naprinti majibu yao, na mengi ya haya nimeyaona kwenye skrini yangu mwenyewe, mwenye akaunti akiwa amesimama pembeni anatetemeka.

*Dada, habari za kazi. Mimi natunza hesabu kwa tajiri mmoja anayenunua mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara hapa Kirumba na kuyauza nje. Juzi mteja wetu wa Hong Kong alituma barua pepe yenye oda mpya. Anwani ni yake ile ile tunayoandikiana miaka miwili. Nilipofungua kiambatisho, kikaja kiboksi kinataka nywila ya barua pepe yetu ndipo nione oda. Nikaandika, kikasema nimekosea. Nikarudia, ukurasa ukafunga. Nilipompigia mteja akasema hajatuma oda yoyote. Nimetapeliwa vipi wakati anwani ni yake kweli? – Mtunza hesabu, Kirumba*

Pole sana, ndugu yangu. Ndiyo, nywila imekwenda. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, chukua kifaa kingine, ingia kwenye barua pepe ya ofisi kwa njia unayoingilia siku zote, badilisha nywila, kisha tafuta mahali panapoonyesha vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uviondoe vyote. Mimi nakusubiri hapa.

Umerudi? Sasa tuongee.

Anwani ilikuwa ya mteja wako kweli kwa sababu yeye ndiye aliyeibiwa kwanza. Mwizi akishaingia kwenye sanduku la mtu mmoja, anawaandikia wote aliowahi kuandikiana nao, kwa jina lake, mara nyingi akijibu ndani ya mazungumzo yenu ya zamani ili ionekane habari inaendelea tu. Ndiyo maana nakereka ninaposikia watu wakifundishwa kwamba barua ya tapeli utaijua kwa lugha mbovu. Zamani labda. Siku hizi programu za kompyuta zinawaandikia Kiingereza safi na Kiswahili kinachosomeka, na barua nyingine, kama hiyo yako, inatoka kwa mtu unayemjua na bei zenu anazijua.

Ulipokuja na kompyuta yako dukani, niliifungua ile barua mimi mwenyewe. Kiambatisho kina picha ndogo nyekundu ya PDF, kimeitwa oda na tarehe, ila mkia wa jina lake ni .htm. Faili lenye mkia huo ni ukurasa wa tovuti uliofungashwa ndani ya barua. Ukilibofya, kivinjari kinafunguka. Nyuma unaona karatasi ya oda iliyofifia, kama unaitazama kupitia kioo chenye mvuke: mistari ipo, jedwali lipo, hakuna kinachosomeka. Mbele yake kimekaa kiboksi cheupe, anwani ya ofisi yenu imeshaandikwa tayari, imebaki nafasi moja tu, ya nywila. Jicho lote linavutwa kwenye ile karatasi. Unataka kujua mteja anataka kilo ngapi na za ukubwa gani. Lakini ile karatasi ni picha tupu, hakuna oda nyuma yake.

Na kule kukwambia umekosea ni makusudi. Mwizi anataka uandike mara mbili ili awe na hakika hukuruka herufi. Wengine mara ya pili huandika nywila ya akaunti nyingine, wakidhani wamechanganya, na mwizi anaondoka nazo mbili. Kama nawe ulifanya hivyo, hiyo ya pili ibadilishe pia, popote unapoitumia.

Swali la kujiuliza pale lilikuwa moja: nywila ya barua pepe yangu inamhusu nani? Inamhusu yule anayenihifadhia barua pepe, basi. Oda ya mabondo haiwezi kuihitaji, kama vile mnunuzi hahitaji ufunguo wa nyumba yako ili akulipe. Chochote kinachotaka nywila mahali ambapo hukukwenda kuingia mwenyewe, simama hapo hapo.

Sasa kuna jambo kwenye kesi yako linaloninyima raha zaidi ya nywila. Mwizi wa namna hii haji kuvunja vitu. Anakaa kimya anasoma. Anajua mzigo uliondoka lini, profoma yenu (ankara ya awali) ina nembo gani, malipo yanatarajiwa wiki ipi. Siku ikikaribia, mteja wenu anapata barua kutoka kwenu, kwenye anwani yenu halisi, inasema tumebadilisha benki, lipa kwenye akaunti hii mpya. Mteja analipa. Mnabaki kuulizana mwezi mzima hela iko wapi. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2023, iliandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa wizi wa aina hii, na hizo ni za wale waliokwenda kulalamika kwao tu.

Ili msione majibu ya mteja, mwizi huacha kanuni ndani ya sanduku lenu: barua zote za mteja fulani, au zenye neno "malipo", ziende kwenye folda msiyoifungua, au nakala itumwe kwake. Kubadilisha nywila hakufuti kanuni hiyo. Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa mara ya pili, wanadhani wamemaliza. Ingia kwenye mipangilio, soma sehemu ya vichujio na sehemu ya kuhamisha barua, moja moja, na usichokitambua ukifute. Angalia pia namba ya simu na anwani za kurudishia akaunti, kama ni zenu kweli. Kwako tulikuta kanuni moja. Uliiona mwenyewe.

Halafu mpigieni simu kila mteja ambaye malipo yake hayajaingia, kwa namba mliyokuwa nayo zamani, siyo iliyo chini ya barua. Waambieni akaunti ya benki haijabadilika, na kwamba ikibadilika siku moja mtawapigia, wasikie sauti ya tajiri mwenyewe. Ile barua ya mwanzo msiifute. Nendeni nayo polisi. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na barua yenyewe ndiyo ushahidi.

*Shikamoo dada. Nimemaliza chuo mwaka jana, nakaa Malimbe. Nilikuwa kwenye feri ya Kamanga naenda Sengerema kwa bibi, ikaingia barua pepe: "Umechaguliwa kwenye usaili. Thibitisha akaunti yako ndani ya saa 6 kuanzia sasa, la sivyo nafasi atapewa mwingine." Chini kuna kitufe cha bluu. Ni kweli niliomba kazi Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, nasubiri mwezi wa tatu huu. Kaka yangu anayesomea kompyuta ameiona, anasema inaonekana ya kweli. Sijabofya bado. Nifanyeje? – Msubiri ajira*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri sana kuniandikia kabla ya kubofya.

Huyu mtu hakujua kwamba umeomba kazi. Amezituma nyingi, akijua vijana wanaosubiri ajira ni wengi, na mmoja wao lazima awe kwenye feri, mtandao unakatika, simu ina chaji kidogo, moyo uko juu. Zile saa 6 ndizo silaha yake. Anataka ufanye kabla hujafika Kamanga ukatulia.

Kwenye simu, barua pepe inakuonyesha jina la mtumaji tu. Jina hilo mtu yeyote anaweza kujiandikia, hata mimi naweza kujiita Mkuu wa Mkoa. Gusa jina hilo, anwani kamili itajitokeza. Kile kitufe cha bluu usikibofye. Kibonyeze kwa muda mrefu bila kuachia, itatokea anwani ya mahali kinakopeleka, halafu uondoke bila kufungua. Wewe ulininakilia yako, na mwanzo wake unasomeka hivi: https://portal.ajira.go.tz.usaili-thibitisha.com/

Kaka yako aliona "portal.ajira.go.tz" akaridhika. Sikumlaumu, maneno hayo ni ya kweli na yapo mwanzoni kabisa. Lakini anwani za intaneti husomwa kutoka nyuma. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ile miwili ya mwanzo, simama hapo, rudi nyuma. Unakuta .com, kabla yake usaili-thibitisha. Huyo ndiye mwenye nyumba. Yote yaliyo kushoto kwake ni maneno aliyojipachikia. Ni sawa na kumwandikia mtu "Duka la Mwanza, Barabara ya Mwanza, Dodoma". Litajiita Mwanza mara mia, duka liko Dodoma. Ajira Portal ya kweli inaishia .go.tz, na hiyo .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali tu; tapeli hawezi kwenda kuinunua. Ndiyo maana anaiweka katikati.

Kuhusu kumuuliza mtaalamu, nikupe kisa kimoja cha kweli. Machi 2016, John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton kule Marekani, alipata barua inayojifanya ya Google: mtu ana nywila yako, ibadilishe mara moja. Ofisi yake ikamuuliza fundi wao wa kompyuta. Fundi akajibu kwamba barua ni halali, abadilishe nywila, na akawapa anwani sahihi ya Google ya kubadilishia. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika "si halali", akakosea neno. Lakini mimi neno hilo siyo linalonishangaza. Linalonishangaza ni kwamba anwani sahihi walikuwa nayo, imeandikwa mbele yao, na bado kilichobofywa ni kile kitufe cha ndani ya barua. Maelfu ya barua za Podesta yaliishia hadharani Oktoba mwaka ule ule, uchaguzi ukiwa umekaribia. Wangepita kwenye anwani ya fundi, hata na kosa lake la neno, wasingeibiwa.

Kwa hiyo wewe mwanangu usihangaike sana kuamua kama barua ni ya kweli au ya uongo. Ifunge. Fungua kivinjari, andika mwenyewe portal.ajira.go.tz kwa vidole vyako, ingia. Kama umeitwa kwenye usaili utakuta habari yako inakusubiri mle ndani. Kama hakuna kitu, basi hakuna kitu. Najua inauma, maana kwa dakika kadhaa ulikuwa umeshapata kazi. Uliponiandikia ulisema bibi ulikuwa umeshamwambia. Mwambie tu ukweli, bado unasubiri.

*Mwangaluka binti yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Magu. Mjukuu alinifundisha nitazame kufuli dogo juu ya ukurasa ndipo niandike nywila. Nimekutana na ukurasa wa benki una kufuli, kumbe wa uongo. Nimsikilize nani?*

Mwangaluka Mwalimu, na shikamoo.

Mjukuu alikufundisha kilichofundishwa kwa miaka mingi, ila hakitoshi. Kufuli lina maana kwamba mazungumzo kati ya simu yako na ukurasa ule hayasikilizwi njiani. Halisemi unayezungumza naye ni nani. Cheti cha kuweka kufuli kinapatikana bure kwa dakika chache, na matapeli nao wanakichukua. Mwaka 2023 Google waliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chao cha Chrome wakaweka nyingine, kwa sababu watu walikuwa wanaielewa kama wewe ulivyoielewa.

Kuna msaidizi mzuri zaidi ambaye tayari unaye. Ukiruhusu simu yako ihifadhi nywila, inahifadhi pamoja na anwani halisi ya ukurasa. Siku ukiingia kwenye ukurasa unaofanana na wa benki, nembo ile ile, rangi ile ile, na simu haijazi nywila kama ilivyozoea, usiiandike kwa mkono ili kuisaidia. Simu haitazami nembo, inatazama anwani. Macho yetu, Mwalimu, hasa kwa hizi herufi ndogo, hayaoni "r" na "n" zilizokaa pamoja badala ya "m". Yenyewe inaona.

*Dada mambo. Nauza vitenge Makoroboi, barua pepe yangu nimeiwekea uthibitishaji wa hatua mbili, lazima ije namba kwenye meseji. Hata nikikosea nikabofya, si siwezi kuibiwa?*

Poa kabisa, mdogo wangu. Umejikinga kuliko wengi, usiuondoe huo uthibitishaji. Ila kuibiwa bado unaweza. Ukurasa wa uongo ukishapokea nywila yako unaipeleka papo hapo kwenye ukurasa wa kweli, ukurasa wa kweli unakutumia ile namba, na wa uongo unakuomba uiandike. Ukiandika, wamo ndani kabla meseji haijapoa. Wengine wanapiga simu kabisa wanajifanya wa ofisi ya mtandao: "mama, tusomee hiyo namba tukuhakiki." Namba hiyo hasomewi mtu.

Kinachoziba tundu hilo ni kuingia kwa "passkey", ufunguo unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole, au kwa ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta, kwa sababu vyote viwili hukataa kufanya kazi kwenye anwani isiyo yenyewe. Google waliwapa wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 funguo za namna hiyo mwaka 2017, na mwaka uliofuata walisema hakuna hata mmoja aliyethibitika kuporwa akaunti ya kazi kwa njia hii. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kidole tayari. Pita siku yoyote nikuwekee, ni kazi ya dakika tano.

*Dada, mimi nina steshenari Igoma kama wewe. Wateja wengi hawakumbuki nywila zao, kwa hiyo mimi ndiye nawatunzia kwenye daftari. Wengine nimewawekea moja inayofanana ili nisisahau. Kuna ubaya?*

Upo, kaka yangu, na nakujibu kama mtu aliyekuwa na daftari hilo hilo. Langu lilikuwa la kurasa 96, jalada gumu la kijani. Upande wa kushoto jina, katikati anwani ya barua pepe, kulia nywila. Nywila karibu zote zilikuwa jina la mteja na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyezitunga. Lilikaa juu ya mashine ya fotokopi, na nikienda kula alibaki nalo kijana wa dukani, pamoja na yeyote aliyekuwa anasubiri kuprinti.

Mwaka juzi dada mmoja alirudi analia. Barua pepe niliyomfungulia mimi ilikuwa imeingiliwa, na kwa barua hiyo wakabadilisha nywila ya kurasa zake nyingine zote, kwa sababu ukishika barua pepe ya mtu unaomba "nimesahau nywila" kila mahali na majibu yanakuja kwako. Sikuweza kujua kama alibofya kitu au ni daftari langu. Kutokujua huko ndiko kulikonifanya nisilale.

Nikaanza na ukurasa wa kwanza. Nilimpigia kila mtu simu, nikamwomba aje au afuate maelekezo akiwa kwenye simu, tukabadilisha nywila pamoja, yeye akiandika mimi nikiwa nimegeukia ukutani. Tuliweka maneno manne yasiyohusiana, anayoyakumbuka yeye tu, na wazee waliosema watasahau niliwaambia waandike kwenye karatasi waitunze nyumbani pamoja na hati zao. Karatasi iliyo ndani ya sanduku la nguo kule Misungwi ni salama kuliko daftari langu. Kila aliyemaliza nilirarua mstari wake mbele yake, au nikampigia simu ya video aone.

Ilinichukua miezi miwili, jioni baada ya kufunga. Na siku hizi mteja akitaka nimfungulie akaunti, nampa kibodi. Foleni inakuwa ndefu, wengine wananuna. Wanaandika kwa kidole kimoja, nasubiri.

Wanne sijawapata, namba zao hazipatikani. Mistari yao minne bado ipo kwenye kipande cha karatasi ndani ya droo yenye kufuli, na kila mwisho wa mwezi najaribu kuwapigia tena.